Sauti Kutoka Matambarale

Watu wa Nachingwea walimjua Dionisia Nicholaus kwa kibanda chake cha kutengeneza redio sokoni, na kwa sauti yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka hamsini na miwili, lakini sauti ilikuwa nzito na tulivu. Akikuambia "nimekupata, endelea," ulijikuta umeacha kupiga kelele na unaeleza shida yako kwa mpango.

Sauti hiyo aliipata kazini. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, masista wa hospitali moja ya misheni walimweka kwenye chumba cha redio ya upepo. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika huku kusini. Kila asubuhi aliita zahanati moja baada ya nyingine: nani ana mgonjwa wa kupasuliwa, nani ameishiwa dawa, nani anangoja gari. Alifanya hivyo miaka kumi na minne. Simu zilipoingia, chumba kikafungwa, akapewa cheti cha shukrani, na mafundi wakaja kung'oa antena. Alisimama uani akawaangalia mpaka waya wa mwisho ulipoanguka, kisha akaenda zake sokoni kufungua kibanda.

Kwa hiyo Obadia alipoitisha mkutano wa kuanzisha kikundi cha kujitolea cha redio za dharura, Dionisia alikuwa wa kwanza kuandika jina. Obadia alikuwa na mashine ya kukoboa na kusaga kule Chiola. Alikuwa mrefu, mcheshi, shati limepigwa pasi hata siku ya shamba, na alijua kuzungumza na wakubwa. Yeye ndiye aliyetafuta wafadhili wakaleta redio, pikapu na boti ya mpira, na wenzake wakamfanya mwenyekiti. Dionisia alijua redio. Alifanya mtihani wa leseni ya redio za ridhaa akafaulu, kisha akawafundisha wanakikundi wote, mmoja mmoja, namna ya kubonyeza, kungoja nukta moja, ndipo useme.

Mpango wao ulikuwa rahisi. Kila kata iwe na mtu mmoja mwenye redio. Kituo kikuu kilikuwa sebuleni kwa Dionisia, juu ya meza ya cherehani, betri mbili za sola chini yake. Kata ikipata shida inaita kituo, kituo kinaita gari, na gari alikuwa nalo Obadia. Ili watu wasiingiliane, kata zilikuwa na chaneli yao, na gari lilikuwa na yake. Kila lililosemwa, Dionisia aliliandika kwenye daftari, pamoja na saa na dakika, kama masista walivyomzoeza.

Mwezi wa nne mwaka juzi mvua ilinyesha siku nne bila kukatika. Umeme ukazima, minara ya simu nayo ikazima. Asubuhi ya tarehe kumi na saba, saa moja na dakika ishirini na mbili, Mwalimu Rozalia, mshika redio wa Kiegei, aliita.

"Nachingwea, Nachingwea, hapa Kiegei."

"Kiegei, nimekupata, endelea."

"Dada Dionisia, maji yamezingira mashamba ya mpunga. Kuna mama na watoto wawili juu ya dungu. Hatuwafikii. Tunaomba boti, haraka sana."

Watu wengi wa huko msimu ule hulala shambani, kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, ili kulinda mazao yasiliwe na nguruwe. Mama aliyekuwa juu ya dungu hilo alikuwa Teodosia, na watoto wake walikuwa wa miaka tisa na sita. Mumewe, Gaudens, alikuwa ng'ambo ya maji. Anawaona, anawasikia wakimwita, hana la kufanya.

Dionisia alihamia chaneli ya gari. Obadia alijibu mara moja. "Nimekupata, mama. Natoka sasa hivi."

Saa mbili na dakika tano alimwita tena. Obadia akasema yuko njiani, barabara mbaya. Saa tatu kasoro dakika tano akasema wamekwama kwenye tope. Baada ya saa nne hakujibu kabisa. Saa tano na robo Mwalimu Rozalia aliita, na Dionisia hakuitambua sauti yake.

"Nachingwea. Dungu limeanguka."

Boti ilifika Kiegei saa saba mchana. Teodosia alikutwa amekumbatia shina la mti, kucha zimeng'oka. Watoto walipatikana kesho yake.

Wiki iliyofuata kamati ya kikundi ilikaa. Obadia alisimama, akavua kofia, akasema kwa huzuni kwamba wito wa kwanza kutoka kituo kikuu ulimfikia saa nne kamili.

"Simlaumu dada yetu," alisema. "Amekesha siku nne. Ni binadamu, alipitiwa na usingizi. Naomba tusimhukumu."

Dionisia alidhani hakusikia vizuri. Akasema daftari la kituo liletwe. Obadia alikuwa amelichukua mwenyewe siku mbili baada ya mafuriko, kwa ajili ya ripoti. Sasa akainua mikono, akasema hajawahi kupewa daftari lolote. Mwalimu Rozalia akasimama kumtetea Dionisia, akaapa kwamba aliita saa moja na akajibiwa palepale. Utetezi huo ndio uliomzamisha. Kama aliambiwa saa moja, na gari likaambiwa saa nne, hizo saa tatu alikuwa wapi? Swalehe, dereva wa pikapu, alipoulizwa, aliangalia viatu vyake akasema yeye huendesha tu, ya redio hayajui.

Jioni hiyohiyo walikuja kuchukua redio juu ya meza ya cherehani.

Siku ya tatu Gaudens alifika kibandani. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Dada, ulilala kweli?"

"Sikulala, kaka yangu. Nakuapia."

"Basi niambie. Wanangu walikuwa wanangoja nini?"

Gaudens alingoja, kisha akaondoka. Tangu siku hiyo Teodosia akija sokoni na kupita pale, alivuta kanga akafunika uso upande wa kibanda, na wanawake aliofuatana nao walifanya vilevile. Wateja wakapungua. Aliyekuwa akileta redio yake kwa Dionisia miaka yote sasa aliipeleka kwa fundi wa stendi, ambaye hajui hata kushika chuma cha kulehemia.

Dionisia hakulia. Alianza kumchukia Obadia kwa bidii ileile aliyokuwa akiifanyia kazi. Aliamka naye na kula naye. Misani, padre alipofika kwenye "utusamehe makosa yetu kama tunavyowasamehe," alifunga mdomo akaruka maneno hayo, kwa kuwa hakutaka kumdanganya Mungu. Kanisani waliliona hilo, na likaongezwa kwenye orodha ya makosa yake.

Kisichomtoka kichwani kilikuwa ule msamaha wa Obadia. Angemtukana, angemwita mzembe, angemshitaki, pengine angevumilia. Lakini alisimama mbele ya watu akamwombea huruma kwa kosa alilolitenda yeye mwenyewe, na watu wakampongeza kwa moyo mzuri.

Mwezi wa sita mzee mmoja aliingia kibandani, amevaa kofia ya kufuma na koti la jeshi lililofifia. Alitaka spika ya redio ya zamani.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitika upesi. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ukuta.

"Marahaba. Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema 'nimekupata, endelea.'"

Dionisia alidhani anadhihakiwa, lakini alisema. Mzee akatikisa kichwa taratibu.

"Ni wewe. Wewe ndiye uliyeita gari saa moja na dakika ishirini na nne, siku ile ya maji. Sauti nzuri, haina haraka. Hii spika unauzaje?"

Dionisia aliiweka spika chini.

"Mzee wangu, umesema saa ngapi?"

Jina lake aliitwa Abdulkarimu. Alikuwa askari mstaafu wa mawasiliano, anaishi Matambarale, Ruangwa, nyumba yake iko juu ya mwinuko ambao usiku ukitoka nje unaona taa za mbali. Tangu astaafu hakuwa na starehe nyingine isipokuwa kusikiliza. Alikuwa na redio ya kupokelea aliyoiunga mwenyewe, inayozunguka chaneli zote bila kuchoka, na kila alilolisikia aliliandika. Mara moja alipata kuomba kujiunga na kikundi. Obadia alimjibu mbele ya watu kwamba redio zake za mbao azipeleke makumbusho. Mzee alirudi Matambarale, na hakurudi tena mkutanoni.

Jumapili iliyofuata Dionisia alipanda bodaboda mpaka Matambarale, pamoja na mkoba wa vipuri. Mzee alimtolea kiti barazani, mkewe akaleta mihogo ya kuchemsha na chumvi, na kabla hajamaliza kipande cha kwanza mzee aliweka mbele yake daftari la shule, kurasa mia mbili, mwandiko mdogo ulionyooka kama mistari ya mbegu.

Tarehe kumi na saba ilijaza kurasa tatu. Alisoma akasoma. Kila alichokuwa amesema kilikuwamo, na kila alichojibiwa. Lakini kulikuwa na zaidi. Obadia na Swalehe walikuwa na redio ndogo za mkononi za masafa mafupi, wazitumiazo wakiwa karibu. Walizungumza wakidhani hakuna awasikiaye. Huko Nachingwea kweli hazikusikika. Pale juu Matambarale zilisikika kama watu wanaoongea chumba cha pili.

Hawakuwa njia ya Kiegei. Walikuwa Chiola, upande mwingine kabisa, kwenye mashine ya Obadia.

Dionisia alifika mstari mmoja wa ukurasa wa pili, akausoma, akaurudia. Alitoka akaenda nyuma ya nyumba, akashika mti wa mkorosho mpaka pumzi iliporudi.

"Mzee, kwa nini hukusema?" aliuliza aliporudi.

"Mimi nasikiliza. Sisemi. Niliambiwa nina redio za mbao." Mzee alimenya muhogo. "Tena sikujua wamekusingizia wewe. Huku hatuletewi maneno ya mjini. Chukua daftari, peleka kwa kamati kesho."

"Kamati watamwita pembeni," alisema Dionisia. "Watazungumza naye kwa upole. Atajiuzulu kwa sababu za afya, na sokoni watu watafunika uso vilevile. Yeye aliniua mbele za watu. Nami nataka mbele za watu."

Mzee Abdulkarimu aliweka muhogo chini. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho cha ucha Mungu.

"Unataka nini kwangu?"

"Daftari, na paa lako la kufungia antena."

Ilikuwa mwezi wa sita. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, kikundi kingefanya zoezi lake la mwaka uwanjani Nachingwea, mbele ya mgeni rasmi na watu wote, na spika kubwa zingeunganishwa na redio ili umati usikie kata zikiripoti. Dionisia aliamua kungoja siku hiyo. Alifufua redio moja ya zamani iliyokuwa imetupwa, akaitafutia vipuri, akaipima. Leseni yake ilikuwa bado hai, hakuna aliyekumbuka kuifuta. Alinakili kurasa tatu kwa mkono wake, na kila alipokuwa peke yake alizisoma kwa sauti. Alitafuta sauti isiyo na hasira. Hasira ingempa Obadia nafasi ya kusema mama amechanganyikiwa.

Mwezi wa nane alikutana na Teodosia uso kwa uso kwenye mlango wa duka la mbegu. Teodosia alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Hakupata nafasi ya kuvuta kanga. Wakatazamana. Dionisia alifungua mdomo. Ungekuwa mstari mmoja tu kumwambia. Lakini maneno yangevuja, yangemfikia Obadia, angejipanga. Akafunga mdomo, akampisha.

Siku ya zoezi, mabibo yalikuwa yameiva na Matambarale yote ilinukia utamu wake. Dionisia aliketi barazani kwa Mzee Abdulkarimu tangu asubuhi. Saa nne sauti ya Obadia ikaingia, imenyooka kama shati lake, ikaita kata moja moja. Kiegei ikaitika. Chiola ikaitika. Nyingine zikafuata. Nyuma ya sauti yake walisikia makofi ya watu.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alisema Obadia, "vituo vyote vimeripoti. Kama kuna kituo kilichosalia, kiseme sasa."

Hilo alilisema kwa desturi tu. Dionisia alibonyeza, akangoja nukta moja.

"Nachingwea, kipo kimoja. Hapa Dionisia Nicholaus, nikiwa Matambarale. Nasoma daftari la redio la tarehe kumi na saba Aprili, siku walipokufa watoto wa Gaudens.

"Saa moja na dakika ishirini na nne. Kituo kikuu kinaita gari. Mama na watoto wawili Kiegei, boti inatakiwa. Obadia anajibu: nimekupata, natoka sasa hivi.

"Saa mbili na dakika tano. Kituo kinaita gari. Obadia anajibu: niko njiani, barabara mbaya.

"Saa mbili na dakika kumi. Obadia, redio ya mkononi, anamwambia Swalehe: leta gari nyuma ya mashine, maji yamefika kwenye msingi.

"Saa tatu kasoro dakika tano. Kituo kinaita gari. Obadia anajibu: tumekwama kwenye tope.

"Saa tatu na dakika mbili. Obadia anamwambia Swalehe: leta mnyororo wa pili, injini haijatoka.

"Saa tatu na nusu. Obadia anamwambia Swalehe: shusheni hiyo boti, injini haitaenea."

Huo ndio mstari uliompeleka nyuma ya nyumba mwezi wa sita. Aliusoma mara mbili, polepole, kama mtu anayemtajia nesi jina la dawa.

Akaachia kitufe.

Ukifanya hivyo, mwenzako ndipo anaposikika. Walisikia redio ya Nachingwea, kitufe chake kimebanwa na mkono wa mtu: vurumai, kiti kikianguka, mtu akisema "zima, zima hiyo!" Kisha sauti ya Gaudens, karibu kabisa na maikrofoni, ikiuliza bila kupanda:

"Injini ya nani, Obadia?"

Redio ikakatika.

Dionisia alikaa na maikrofoni mkononi. Alikuwa ameingoja saa hiyo miezi minne, na sasa imepita maili nyingi kutoka alipo, hakuuona uso wa Obadia. Alitaka sana kuuona.

"Umesoma vizuri," alisema Mzee Abdulkarimu, akaandika saa.

Yaliyotokea uwanjani alisimuliwa na Mwalimu Rozalia, na alimfanya arudie mara tatu. Obadia alirukia kuizima redio tangu ilipotajwa Matambarale. Gaudens, ambaye alikuwa amealikwa kukaa mstari wa mbele kama mzazi aliyefiwa, aliwahi akaweka kiganja juu ya redio, na mgeni rasmi akasema iachwe, watu wasikie. Mistari ilivyokuwa ikisomwa Obadia alikuwa akitabasamu, lile tabasamu lake, limeganda. Uliposomwa mstari wa boti, Swalehe aliketi chini kwenye vumbi, akashika kichwa, akasema, "Ni kweli. Aliniapisha. Ni kweli."

"Uso wake ulikuwaje?" aliuliza Dionisia.

"Nani, Swalehe?"

"Obadia."

"Ulikuwa kama wa mtu aliyekalishwa uchi."

Dionisia alishusha pumzi. Usiku huo alilala vizuri.

Polisi walimhoji Obadia, wakamwachia, wakamwita tena, na shauri hilo halijaisha hadi leo. Watu hawakungoja. Wanawake wa Chiola waliacha kupeleka mahindi kwenye mashine yake. Wanatembea saa nzima kwenda kwenye mashine ya kijiji cha pili, ndoo kichwani, wanapita mlangoni pake wakiwa kimya. Ndugu zake walimwambia asitokee kwenye harusi ya mpwa wake. Kikundi kilimfukuza, na Swalehe pia. Siku moja Dionisia, ambaye hakuwa na shughuli yoyote Chiola, alipanda bodaboda akaenda kuiangalia mashine. Mlango ulikuwa na kufuli, buibui ametanda kwenye bomba la moshi, na injini ile iliyookolewa inaonekana kupitia ufa, inang'aa mafuta, haina kazi. Obadia alikuwa ameketi kibarazani, shati halijapigwa pasi. Walionana. Dionisia alisimama pale kwa muda uliomtosha, kisha akamwambia dereva warudi.

Wateja walirudi sokoni. Wengine waliomba radhi, wengine walijifanya hawajawahi kuondoka. Siku ya nane baada ya zoezi Teodosia alikuja kibandani. Safari hii kanga ilikuwa mabegani. Dionisia alisimama haraka, akapangusa kiti. Alikuwa ameyatayarisha maneno ya kumsamehe.

Teodosia hakukaa.

"Dada, lile daftari ulilipata lini?"

"Mwezi wa sita."

"Na leo ni mwezi wa kumi."

"Ndiyo."

"Mwezi wa nane tulikutana kwenye duka la mbegu."

Dionisia alianza kukipangusa tena kiti.

"Kila nilipoamka nilikulaani wewe," alisema Teodosia. "Nilikuwa nasema, yule mama alilala, wanangu wakaniuliza mama, boti iko wapi. Nilikuchukia mpaka nikaugua. Na wewe ulikuwa unajua. Ulinipisha njia, ukaenda zako."

"Nilitaka asikie kila mtu. Kama ningekuambia mapema—"

"Mimi si kila mtu. Mimi ni mama yao."

Akaondoka. Dionisia alibaki na kitambaa cha kupangusia mkononi. Alijitetea moyoni siku nyingi, kila utetezi ulikuwa na maana, na kila mmoja ulipofika kwenye mlango wa lile duka la mbegu uliishiwa nguvu. Alikwenda Kiegei mara mbili kumtafuta. Mara ya kwanza aliambiwa yuko shambani. Mara ya pili alimwona kwa mbali, akajua naye ameonwa, akageuka akarudi alikotoka.

Kwa watoa leseni nako mambo hayakuwa mepesi. Iliandikwa barua kwamba ametumia masafa ya dharura kwa ugomvi binafsi wakati wa zoezi rasmi, na leseni ikasimamishwa miezi mitano. Alitakiwa kuandika barua ya kuomba radhi. Mwalimu Rozalia alimsaidia. Rasimu ya kwanza iliomba radhi kwa Bwana Obadia kwa usumbufu. Dionisia aliikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka.

"Naomba radhi kwa chaneli," alisema. "Angeweza kuwapo mtu anaita shida huku mimi nasoma. Hilo ni kosa, na ningekuwa mwanafunzi wangu ningejifukuza. Kwa yule mtu siombi."

"Wataona kiburi, dada."

"Waone."

Barua ilikubaliwa. Mwezi wa tatu redio ilirudi juu ya meza ya cherehani, na kikundi kikampigia kura kuwa mwenyekiti. Alikataa uenyekiti, akakubali kituo. Kwanza alifanya jambo moja: aliagiza Mzee Abdulkarimu aandikishwe, na madaftari ya kituo yawe mawili, moja Nachingwea, moja Matambarale.

Mvua za mwaka huo hazikuchelewa. Wiki ya pili ya mwezi wa nne, saa nane mchana, taarifa ilikuja kwamba maji yanashuka kutoka juu na nyumba za bondeni Chiola zihame kabla ya giza. Mshika redio mpya wa Chiola alikuwa mama mmoja muuza maandazi, mwenye sauti ya kukwaruza na miguu isiyochoka. Alizunguka nyumba kwa nyumba, redio mkononi, sauti imefunguliwa mwisho, ili watu waisikie amri kutoka kituoni wenyewe. Dionisia aliwataja kwa majina kutoka kwenye orodha, kaya moja baada ya nyingine, akingoja jibu kabla ya kwenda nyingine.

Jina la kumi na moja lilikuwa la Obadia. Mwanachama kijana aliyekuwa sebuleni alisema kama anataka apumzike kidogo, yeye atasoma hilo. Dionisia alitikisa kichwa. Alitaka yule mtu aisikie sauti hiyohiyo aliyosema ilikuwa imelala.

"Chiola, hapa Nachingwea. Kaya ya Obadia. Maji yatafika kabla ya saa kumi na mbili. Wahame sasa, waende shuleni. Pikapu liko barabarani, litawapitia. Nimemaliza."

Mvua ilisikika kwenye redio ya Chiola, ikipiga bati.

"Nachingwea," mama wa maandazi alisema, "amesikia. Wanatoka. Ameuliza ni nani anayesema."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Vizuri," alisema Dionisia, akaandika saa nane na dakika hamsini na moja. "Kaya inayofuata."